Usimlaumu nguruwe, kagua choo chako kwanza

Msomaji mpendwa, je, wewe hula nyama ya nguruwe? Ikiwa huili, kwa sababu ya dini yako au kwa kutoipenda tu, pengine umeanza kufungua ukurasa mwingine. Nakusihi ungoje kidogo. Ugonjwa ninaotaka kuuzungumzia leo unaweza kumpata hata mtu ambaye hajawahi kuonja nyama hiyo maishani mwake.

Jirani yangu mmoja, viungani mwa Nakuru, ana ploti ya futi 50 kwa 100. Mbele kuna nyumba za wapangaji na nyuma kuna banda la mabati lenye nguruwe wanne. Jirani wa pili, mzee ambaye dini yake inamkataza nguruwe, hulalamika kila mara juu ya harufu na nzi. Majuzi walizozana tena, nami nikamsikia mwenye nguruwe akisema: "Mzee, wewe huwali hawa. Yanakuhusu nini?"

Wote wawili walikuwa wakibishana juu ya pua. Hakuna aliyetaja choo. Choo cha shimo katika ploti hiyo kilikuwa kimejaa, mlango umeng'oka, na watoto wa wapangaji walikuwa wakijisaidia nyuma ya ua. Ni pale pale nyuma ya ua ambapo nguruwe hao hufunguliwa jioni ili wajitafutie.

Siandiki haya ili kuwapiga vita wafugaji. Kilimo na ufugaji ndani ya mji wa Nakuru si jambo geni. Mtafiti Dick Foeken alichapisha kitabu kizima juu ya jambo hilo mwaka 2006, na tangu Nakuru ipandishwe hadhi kuwa jiji, Desemba 2021, kuku, mbuzi na nguruwe hawakuhama. Nguruwe ana faida zake. Hubeba mimba kwa muda wa miezi mitatu, wiki tatu na siku tatu hivi. Huzaa watoto wanane hadi kumi na wawili kwa mkupuo. Akilishwa vizuri, mtoto huyo huweza kuchinjwa akiwa na umri wa miezi sita au saba. Kwa mama anayetafuta karo ya shule na hana shamba la kumlisha ng'ombe, hayo si mambo ya kupuuza.

Basi shida iko wapi? Shida ni mnyoo aitwaye tegu. Aghalabu watu husema kwamba nguruwe ni mchafu na ndiye anayetuletea tegu. Ukweli ni kwamba nguruwe hupata ugonjwa huo kutoka kwetu. Tegu mzima wa aina hii huishi ndani ya utumbo wa binadamu, wala haishi ndani ya utumbo wa nguruwe. Huweza kufikia urefu wa mita kadhaa na kukaa humo kwa miaka, huku mwenyewe asijue. Vipande vyake hukatika na kutoka na kinyesi, na kipande kimoja huweza kuwa na mayai yapatayo 50,000.

Nguruwe anayezurura akila kinyesi hicho, mayai huanguliwa tumboni mwake, nao viluwiluwi husafiri katika damu na kujenga vifuko vidogo vyeupe, mithili ya punje za mchele au njegere, katika ulimi, moyo na misuli. Mtu akila nyama hiyo bila kuiva sawasawa, kifuko hugeuka kuwa tegu ndani ya utumbo wake, na mzunguko huanza upya.

Sasa sikiliza upande wa pili, ambao wengi hawaujui. Mtu mwenye tegu asiponawa mikono baada ya kutoka chooni, mayai hubaki katika vidole na kucha. Akikupikia, akikukatia kachumbari, au akimlisha mtoto wako, mayai hayo huingia kinywani. Vile vile yanaweza kuja na sukuma wiki isiyooshwa vizuri au maji yasiyochemshwa. Ukiyameza, hupati tegu tumboni. Mwili wako sasa unachukua mahali pa mwili wa nguruwe: vifuko vile vile hujengeka katika misuli yako, machoni, na hata katika ubongo.

Kifuko kikikaa katika ubongo huweza kutulia kimya kwa miaka mingi. Kisha siku moja mtu mzima, ambaye hakuwa na historia yoyote ya ugonjwa, huanguka ghafla na kutetemeka. Hicho ni kifafa. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba katika sehemu nyingi ambako tegu huyu ameenea, karibu asilimia 30 ya visa vya kifafa vinatokana naye. Ndiyo maana nasema kwamba yule mzee asiyekula nguruwe alikuwa na haki ya kuuliza, ila aliuliza juu ya kitu kisichofaa. Harufu humkera tu. Choo kilichojaa kinaweza kumwangusha.

Huenda ukasema kwamba hayo ni mambo ya mbali. Hapa nchini utafiti mwingi juu ya tegu umefanywa upande wa magharibi, hasa Busia. Mnamo 2013 watafiti walichapisha matokeo baada ya kuwafunga nguruwe wanaozurura huko vifaa vya kufuatilia mwendo wao. Iligunduliwa kwamba nguruwe alitembea wastani wa zaidi ya kilomita nne kwa saa 12, na karibu nusu ya muda huo alikuwa nje ya boma la mwenyewe. Kwa hivyo hata ukiwa na choo kizuri, nguruwe wako akizurura atakula kutoka kwa choo kibaya cha mwenzako. Isitoshe, nguruwe husafirishwa kwa magari kutoka kaunti hadi kaunti, na watu pia husafiri na tegu wao matumboni. Nakuru ni njia panda ya nchi. Hatuwezi kujidanganya kwamba tumo ndani ya ngome.

Kuna wanaopendekeza kwamba nguruwe wapigwe marufuku mjini. Siwaungi mkono. Marufuku hayatamaliza hamu ya nyama wala haja ya karo. Yatakalofanya ni kuusukuma uchinjaji nyuma ya ua, usiku, pasipo mkaguzi. Tayari hali hiyo huonekana inapozuka homa ya nguruwe ya Afrika, ugonjwa ambao Dkt. Montgomery aliueleza kwa mara ya kwanza mwaka 1921 kutokana na nguruwe wa papa hapa Kenya. Virusi vyake havimdhuru binadamu, lakini huua nguruwe wengi kwa siku chache, na ngiri, ambao wamo katika mbuga ya Ziwa Nakuru, huweza kuvibeba bila kuugua. Mfugaji akiona mmoja amekufa, huwachinja waliobaki haraka haraka na kuuza nyama kwa bei ya kutupa. Mnunuzi hufurahia bei hiyo, asijue kwamba hakuna jicho la mkaguzi lililoitazama.

Maoni yangu ni kwamba tuanzie pale mzunguko unapoweza kukatwa kwa gharama ndogo. Mtu asijenge banda la nguruwe kabla ya kuwa na choo kinachofaa, chenye mlango, kinachotumiwa na kila mtu katika ploti, watoto wakiwamo. Mwenye ploti anayekusanya kodi kila mwezi huku choo kimejaa ana lawama kubwa kuliko mwenye nguruwe. Afisa wa afya ya umma anapozuru mtaa, na aanze na choo, kisha ndipo aende bandani.

Pili, nguruwe afungiwe. Sakafu ya saruji yenye mteremko, maji ya kutosha na ukuta imara vinatosha. Ukimlisha makombo ya hotelini, yachemshe kwanza, kwani ndani yake mna mabaki ya nyama yanayoweza kuleta ile homa. Wala usidhani kwamba sindano ya ivermectin itakusaidia kwa vifuko vya tegu. Dawa hiyo huua minyoo mingine lakini vifuko haiviui. Zungumza na daktari wa mifugo.

Tatu, nyama ipitie kichinjioni. Wewe mnunuzi, uliza muhuri. Usione haya kumwuliza mwenye bucha, hata kama ni rafiki yako. Wafanyabiashara wengi hukagua ulimi wa nguruwe kabla ya kununua, na wakiona vifuko humwacha. Lakini ulimi safi hauthibitishi kwamba mwili mzima ni safi. Nayo serikali ya kaunti isituambie tutafute muhuri ikiwa mkaguzi hayupo au kichinjio kiko mbali mno na mfugaji mdogo mwenye nguruwe wawili. Huko ni kumtuma mtu sokoni bila kikapu.

Nne, jikoni. Vifuko hufa kwa moto. Pika nyama hadi ndani kusibaki wekundu, hasa ile ya kuchoma, ambayo nje huiva upesi na ndani hubaki mbichi. Nawa mikono kwa sabuni baada ya kutoka chooni na kabla ya kushika chakula.

Na ukiona vipande vyeupe bapa, mithili ya utepe, katika choo chako, usiende kununua dawa ya minyoo dukani kwa kubahatisha. Nenda hospitalini. Baadhi ya dawa za kuua tegu zinaweza kuchokoza vifuko vilivyojificha katika ubongo na kuleta kifafa, kwa hivyo daktari ni lazima akuulize maswali kwanza.

Neno la mwisho ni juu ya wale ambao tayari wanaanguka. Mpaka leo, katika mitaa yetu, mwenye kifafa huambiwa amerogwa. Akianguka, watu hukimbia, wakiogopa kwamba povu lake litawaambukiza. Povu la kifafa halimwambukizi mtu yeyote. Mlaze kwa ubavu, ondoa vitu vinavyoweza kumwumiza, usimtie kijiko mdomoni, kisha mpeleke hospitalini. Kuna dawa, na wengi wakizitumia hurudi kazini na shuleni. Inasikitisha kwamba tunatumia pesa kwa waganga wa kutafuta mchawi, na huenda mchawi mwenyewe ni shimo lililojaa nyuma ya nyumba.

Nimezungumza na jirani zangu wote wawili. Yule mzee amekubali kwamba harufu si hoja kubwa. Mwenye nguruwe amekubali kuwafungia. Kilichobaki ni mwenye ploti, ambaye kila akipigiwa simu husema atatuma mtu wa kuchimba shimo jipya mwezi ujao. Wapangaji wameamua kwamba mwezi ujao ukifika bila shimo, wataandamana pamoja hadi ofisi ya afya, wanaokula nguruwe na wasiokula. Nawe msomaji, kabla ya kuuliza nani anafuga nini, toka nje utazame choo cha ploti yako.