Mnyonge wa nani?

Nyuma ya jengo la kitivo chetu kuna mwembe, na chini yake kuna benchi mbili za mbao na mama mmoja anayeuza mandazi. Hapo ndipo tunapomngojea profesa aliyechelewa. Na profesa akichelewa zaidi ya nusu saa, mazungumzo hufika Abu Dhabi. Haidhuru yameanzia wapi. Yanaweza kuanzia kwenye ada ya masomo au bei ya unga. Mwishowe mtu atasema, "Siku ile Mazembe alipomupiga Mubrazili", na ubishi umekwisha kuanza.

Mimi ni mmoja wa wabishi hao. Leo nataka kuandika yale niliyoshindwa kuyasema chini ya mwembe, kwa kuwa pale mwenye sauti kubwa ndiye mwenye haki. Nataka kusema juu ya mpira, lakini zaidi juu ya maneno tunayoyatumia tukiuzungumza. Sisi ni wanafunzi wa lugha. Tukishindwa kuyapima maneno yetu wenyewe, tutapima ya nani?

Kwanza niwakumbushe waliokuwa wadogo mno. Tarehe 14 Desemba 2010, mjini Abu Dhabi, Tout Puissant Mazembe ya Lubumbashi ilicheza na Internacional ya Porto Alegre katika nusu fainali ya Kombe la Dunia la Vilabu. Internacional walikuwa mabingwa wa Amerika ya Kusini. Mazembe walikuwa mabingwa wa Afrika, na siku chache kabla walikuwa wameitoa Pachuca ya Meksiko kwa bao 1-0. Katika mashindano hayo ya FIFA, hadi siku ile, hakuna fainali iliyowahi kuchezwa na timu isiyotoka Ulaya au Amerika ya Kusini. Kila mtu alijua kwamba fainali ingekuwa kati ya Wabrazili na Inter ya Milano. Kila mtu alikosea. Mulota Kabangu alifunga katika dakika ya 53, Dioko Kaluyituka akaongeza la pili katika dakika ya 85, na katikati ya mabao hayo mlinda mlango wetu Robert Kidiaba alikataa kila kitu kilichomjia.

Nilikuwa na umri wa miaka minane. Mjomba wangu alikuwa ametoa televisheni nje, akaiweka juu ya meza ya kulia chakula, na kiwanja chote kilikuwa kimejaa majirani. Bao la pili lilipoingia, meza ilianguka. Televisheni ilipona.

Sasa niingie katika ubishi wenyewe.

Neno la kwanza linalosikika chini ya mwembe ni "bahati". Rafiki yangu mmoja, ambaye anapenda mpira wa Ulaya kuliko kitu chochote, husema hivi: "Ile ni bahati tu. Wakirudia mara kumi, tunapigwa mara tisa." Sitaki kumkejeli, maana ana sehemu ya ukweli. Mpira wa miguu ni mchezo wa mabao machache. Katika mpira wa kikapu timu dhaifu inapaswa kuwa bora mara nyingi katika mechi moja ili ishinde. Katika mpira wa miguu mara moja au mbili zinatosha. Ndiyo maana mchezo wetu una maajabu mengi kuliko michezo mingine. Wabrazili walipiga mashuti mengi siku ile, na kama moja lingeingia mapema, labda nisingekuwa ninaandika makala hii.

Lakini tazameni yaliyotangulia. Mwaka 2009 Mazembe hiyohiyo ilikwenda katika mji uleule, katika mashindano yaleyale, ikapoteza mechi zake zote mbili: 2-1 mbele ya Pohang Steelers ya Korea ya Kusini, na 3-2 mbele ya Auckland City ya New Zealand. Walirudi Lubumbashi na aibu. Kisha wakaanza upya, wakashinda tena Ligi ya Mabingwa ya Afrika, na katika fainali wakaipiga Espérance ya Tunis mabao 5-0 hapa nyumbani. Wakarudi Abu Dhabi wakiongozwa na kocha Lamine N'Diaye kutoka Senegal, tena bila Trésor Mputu, mchezaji wao mkubwa kuliko wote, aliyekuwa amefungiwa na FIFA. Mtu anayeanguka, akarudi palepale alipoangukia, akapita, je, huyo amebahatika? Watu wa pwani wana methali: bahati ni chudi. Chudi ni juhudi. Methali hiyo haisemi kwamba bahati haipo. Inasema kwamba ikija, humkuta mtu yuko kazini.

Na mlango ule ulipofunguliwa haukufungwa tena. Mwaka 2013 Raja ya Casablanca iliipiga Atlético Mineiro ya Brazili 3-1 na kwenda fainali. Mwaka 2016 ilikuwa zamu ya Kashima Antlers ya Japani, mwaka 2018 Al Ain ya Abu Dhabi. Jambo linaloweza kurudiwa na watu mbalimbali katika nchi mbalimbali lina jina jingine, si bahati.

Neno la pili ni "dawa". Hili halisemwi na wageni peke yao; tunalisema wenyewe, tena tukicheka. Eti Kidiaba alikuwa amefanyiwa mambo, eti ile ngoma yake ya kurukaruka kwa makalio chini ilikuwa ya kuufunga mlango. Mimi naliona neno hili kuwa baya kuliko la kwanza. Anayesema bahati anamnyima mchezaji sifa kidogo. Anayesema dawa anamnyima yote. Miaka ya mazoezi, vidole vilivyovunjika, asubuhi za baridi za mwezi wa sita, vyote anapewa mganga asiyeonekana. Ulimwengu nao umemkumbuka Kidiaba kwa ngoma ile. Ukimtaja kwa mgeni, atacheka na kuanza kukuonyesha jinsi alivyokuwa akiruka. Mipira aliyoiokoa hakuna anayeionyesha.

Hapa nitaleta somo moja la sarufi, profesa wetu anisamehe. Sikilizeni sentensi zetu. Timu kubwa ikishinda, tunasema: "Wameshinda." Timu ndogo ikishinda, tunasema: "Wakubwa wameteleza", "Wakubwa wamelala", "Wakubwa wamejisahau." Kiima cha sentensi ni nani? Ni wakubwa. Hata siku waliyopigwa, wao ndio wenye kitenzi. Mnyonge ameshinda mechi lakini hakupata nafasi katika sentensi.

Nilikuwa nimeridhika sana na ugunduzi wangu huu, mpaka nilipokutana na mzee mmoja wa Lupopo.

Msomaji wa mbali ajue kwamba Lubumbashi ina timu mbili zinazogawa hata meza ya chakula: Mazembe, na Saint-Éloi Lupopo, timu iliyotoka kwa watu wa reli. Mzee huyo ni mstaafu wa reli. Tulikuwa tumekaa ndani ya basi dogo lililokuwa likingoja kujaa, nami nikaanza kumweleza habari ya kiima na kitenzi. Alinisikiliza kwa utulivu, kisha akaniuliza: "Mutoto, Mazembe ni munyonge wa nani?"

Nikamjibu: "Wa Wabrazili, baba."

"Huko Abu Dhabi, ndiyo. Na hapa?"

Nikanyamaza. Akaendelea mwenyewe. Hapa, alisema, Mazembe ndiyo yenye pesa za rais wake Moïse Katumbi. Ndiyo inayonunua wachezaji wa timu nyingine, ndiyo yenye ndege. Timu ndogo ya ligi yetu ikiipiga Mazembe, mashabiki wake wanasema nini? Wanasema ni bahati. Wanasema wale wametumia dawa. Wanasema mwamuzi amekula. "Maneno yote unayowakatalia Wazungu," akamaliza, "munayatumia ninyi kwetu."

Sikuwa na jibu. Nilipenda kumwambia kwamba Lupopo nayo, ikipigwa, husema hayohayo. Lakini heshima ilinizuia, na zaidi ya heshima, nilijua kwamba hilo halingekuwa jibu. Mzee alikuwa amenionyesha kwamba mnyonge si aina ya mtu. Ni mahali mtu anaposimama siku fulani. Mazembe ilikuwa nyonge siku ile huko Arabuni, na ilikuwa jitu kila Jumapili huko Kamalondo. Anayedai haki ya mnyonge awe tayari kuitoa siku atakapokuwa mkubwa.

Neno la tatu ndilo linaloniuma zaidi, nalo ni "mwamuzi". Chini ya mwembe hatupendi kuhadithia siku nne zilizofuata. Tarehe 18 Desemba 2010 Mazembe ilicheza fainali na Inter ya Milano na kufungwa 3-0. Goran Pandev na Samuel Eto'o walikuwa wamekwisha kufunga kabla dakika 20 hazijatimia, na Jonathan Biabiany akamaliza kazi mwishoni. Haikuwa mechi ya kuibiwa. Lakini mjini kwetu lilivuma neno kwamba tumeibiwa, na kwamba mwizi ni mwamuzi, na kwamba mwamuzi ni Mchina. Vijana wakatoka barabarani wakashambulia maduka ya Wachina wa Lubumbashi. Mwamuzi alikuwa Yuichi Nishimura. Nishimura ni Mjapani.

Nakumbuka jioni ile kwa jinsi ilivyokuwa kimya katika kiwanja cha mjomba. Majirani walikwenda zao bila kuaga. Kisha tukasikia kelele kutoka upande wa barabara kubwa, na mama akatuita ndani. Sikuelewa kitu. Baadaye nilipokuwa mkubwa ndipo nilipoelewa kwamba watu waliofungua duka lao asubuhi ile, ambao pengine hawakuutazama hata mpira wenyewe, walilipa deni la sentensi moja ya uongo.

Wengine husema mambo yale yalikuwa na sababu nyingine, hasira za kazi na maisha magumu, na mpira ulikuwa kiberiti tu. Nakubali. Lakini kiberiti nacho kina lawama. Aliyezoea kusema kila siku kwamba anayemshinda amebahatika, au ameloga, au amenunua mwamuzi, siku ya kushindwa kweli hana neno jingine mdomoni. Hajajifunza kusema: "Wametuzidi."

Nisijifanye mtakatifu. Mwaka wa kwanza hapa kitivoni, mwenzetu mmoja aliyesoma sekondari kijijini, mbali na barabara ya lami, alipata alama za juu kutushinda sote katika mtihani wa isimu. Tulikuwa tumezoea kumcheka kwa Kifaransa chake. Matokeo yalipobandikwa, mimi ndiye niliyesema kwa sauti: "Amebahatisha." Alikuwa nyuma yangu. Akaniambia taratibu: "Yaya, bahati hiyo niliisoma usiku, kwa tochi ya simu." Mwaka uliofuata alitushinda tena. Nilikwenda kumwomba msamaha, akanisamehe, lakini sikusahau kwamba neno nililomtupia ni lilelile linalonifanya niruke juu ya benchi likitupiwa Mazembe.

Basi, ombi langu kwa wenzangu wa chini ya mwembe ni dogo. Siku mnyonge atakapomshinda mkubwa, iwe uwanjani au kwenye karatasi ya matokeo, tuulize kwanza: "Amefanya nini?" Tumpe kitenzi chake. Tukisha kueleza alivyojipanga, alivyokimbia, alivyosoma, ndipo tuseme habari ya bahati, maana nayo ipo. Na siku tutakaposhindwa sisi, tuulize swali hilohilo juu ya aliyetushinda, kabla hatujamtafuta mwamuzi. Waswahili walikwisha kusema: mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Mimi ningeongeza tu kwamba yule aliyetupiga 3-0 naye ana haki yake.

Yule mzee wa Lupopo, kabla hajashuka, nilimuuliza alikuwa wapi jioni ya tarehe 14 Desemba. Alitazama nje ya dirisha kidogo. "Nyumbani," akasema. "Bao la pili nilipiga kelele. Lakini wewe usiwaambie."

Sikuwaambia. Nimeandika tu.