Saa ndiyo ilimmaliza, si yule jamaa

Wasee, acheni kusema vijana wa Eastlands hawajui sataranji. Wanaijua. Kinachowamaliza ni saa.

Kuna mechi nilitazama juzi kwenye mashindano, wawili wa kawaida tu, hakuna mwenye cheo. Mmoja ni kijana wa Umoja, amefunzwa na simu, na drafti ya vifuniko vya soda pale base. Kufika mwendo wa 30 alikuwa mbele kwa farasi mzima. Manze, alikuwa anacheza! Lakini akishasogeza kete, mara kwa mara anasahau kubonyeza saa. Mwenzake, wa shule yenye klabu na kocha, akanyamaza tu akimwangalia, na sheria inamruhusu. Dakika zikaisha. Farasi wake bado amesimama pale, na ameshindwa.

Halafu kuna ile ya kugusa: ukigusa kete yako, lazima uicheze. Kwa simu unaburuta malkia, unamrudisha, nani atakuuliza? Nayo drafti inakulazimisha kula. Kwa sataranji ukila ovyo umeingia mtegoni. Tabia hizo haziishi kwa kutazama video. Zinaisha ukikaa mbele ya mtu, jasho likikutoka.

Sasa utakaa wapi? Kenya Open ya 2023 ilikuwa Sarit, Westlands, ile ya jamaa aliyejifunika nikabu akacheza kitengo cha akina dada. Watu walicheka sana. Mimi nilikuwa nahesabu nauli: mathree mbili kwenda, mbili kurudi, ada ya kuingia, na bado hujala.

Na usiniambie mtaa hautoi mabingwa. Phiona Mutesi ni wa Katwe, Kampala. Alianza kwa kocha Robert Katende, mahali watoto walifuata kikombe cha uji, na 2012 akapata cheo kwenye Olimpiadi ya Istanbul. Watu wanakumbuka filamu tu, wanasahau kocha alikuwa hapo hapo mtaani, na ubao wa kweli.

Kwa hivyo waandaaji, leteni hata siku moja ya mashindano Kaloleni Social Hall. Kama ni harusi na mikutano ya injili, sisi huku hutafuta ukumbi tukapata. Na nyinyi wa base, programu ya saa ya sataranji ni ya bure. Leo jioni wekeni simu katikati, dakika 10 kila mtu. Atakayesahau kubonyeza, anunulie wote smokie.