Safu ya Mwalimu: Gari Halijachoka, Hewa Imepungua

Wazazi kadhaa wa jamaa zetu hapa Dallas wamenijia mwaka huu na shauri moja. Kijana kanunua gari la mbio kwa mkopo mzito. Ikifika Julai anasema gari limechoka, haliendi kama lilivyokwenda Januari, na sasa anataka mamia ya dola ampe fundi "aifungue" kompyuta yake. Mzazi hajui atoe au akatae. Mimi sina gereji, lakini hili ni jambo la fizikia, nayo nimeisomesha miaka mingi.

Gari halijachoka. Injini hula petroli pamoja na hewa, na hewa ikipata moto hutanuka. Mita moja ya ujazo ya hewa, joto likiwa nyuzi 15, ina uzito wa gramu 1,225 hivi. Kwa nyuzi 40 hubaki kama 1,127. Asilimia nane ya chakula imeondoka kabla gari halijatoka mstarini. Na nyuzi 40 hapa si ajabu. Waliokuwapo mwaka 1980 wanakumbuka nyuzi 45, na mwaka 2011 tulipata siku 71 zilizofika nyuzi 38 au kupita. Jamaa wa Houston wana la ziada, ule unyevu kama wa Mombasa mwezi wa Machi kabla ya masika, jasho halikauki. Mvuke huo nao hushika nafasi ya hewa ndani ya silinda.

Tena magari mengi ya vijana yana tabo au supachaja, mitambo ya kushindilia hewa. Hewa ikishindiliwa hupata moto. Aliyepata kujaza baiskeli upepo ameishika pampu akaona. Hupitishwa kwenye rejeta yake ipoe, lakini rejeta haiwezi kuishinda baridi ya upepo wa nje, na baada ya raundi mbili tatu chuma chote kimeshiba moto. Ndiyo maana raundi ya kwanza huwa nzuri, ya pili mbaya, na ya tatu kijana hugombana na kila mtu.

Sasa hiyo kompyuta. Hewa ikiwa moto mno, petroli hujiwasha yenyewe kabla ya kufikiwa na moto wa plagi, na injini ikagonga. Kuna sensa inayosikiliza kugonga huko kama sikio la fundi mzee. Ikisikia, kompyuta huchelewesha cheche na kupunguza msukumo wa tabo. Matairi yakiteleza hupunguza tena. Giaboksi ikichemka, vilevile. Kijana anaona anaibiwa nguvu zake. Nguvu hizo zilikwisha chukuliwa na joto. Kompyuta inaokoa pistoni.

Familia moja ya Houston walilipa fundi azime ulinzi huo. Gari lilikwenda vizuri sana majuma matatu, kisha pistoni ikatoboka saa nane ya mchana, katikati ya Agosti. Fedha za injini mpya zilikuwa ada ya chuo ya dada yake. Huyo binti alikaa nyumbani muhula mzima, na hakuna aliyempa hesabu yake.

Hata waundaji hawakuidharau joto. Dodge katika Demon ya mwaka 2018 waliielekeza baridi ya kiyoyozi ikapoze hewa ya supachaja. Dereva atoke jasho, injini ipoe. Gari hilo lilikimbia mita 402 kwa sekunde 9.65.

Kwa hiyo mzazi, fedha ya fundi izuie, ila kiingilio cha uwanja mpe. Barabara kuu ya 35 si mahali pa kushindana. Texas Motorplex ya Ennis, kusini ya Dallas, ipo tangu 1986, na njia yake ni ya zege. (Wenzetu wa Houston uwanja wao wa Baytown ulifungwa 2022, wasione tabu kupanda huku.) Aende jua limezama, afungue boneti baina ya raundi, aweke mifuko ya barafu juu ya njia ya hewa kama wafanyavyo wenyeji, na asubiri nusu saa. Mbio kubwa za pale siku hizi huwa Oktoba. Mwenye nafasi garini mwake mwezi huo aniarifu, mimi nitachukua chai.