Tishio Lililoitwa la Kawaida

Askari jela akifa kazini, aghalabu magazeti humpa aya mbili: cheo chake, gereza lake na jamaa aliowaacha. Kisha habari huhamia kwa wafungwa, mawakili na wakubwa wa serikali. Ndivyo alivyosahauliwa Robert Vallandingham, aliyeuawa mwaka wa 1993 katika gereza la Lucasville, jimbo la Ohio nchini Marekani, akiwa na umri wa miaka 40. Mimi ni mwanaisimu, na sijapata kusoma kisa kinachodhihirisha uzito wa maneno kuliko hiki.

Maasi yalianza Jumapili ya Pasaka, tarehe 11 Aprili. Wafungwa Waislamu walikuwa wamekataa kudungwa sindano ya kupimwa kifua kikuu, wakisema dawa yake ina kilevi. Fauka ya hayo, gereza lilikuwa limefurika. Wafungwa zaidi ya 400 waliliteka jengo moja pamoja na askari kadhaa, nao wakuu wa gereza wakakata maji na umeme. Ili wanahabari waliopiga kambi nje wausome ujumbe wao, wafungwa waliuandika juu ya shuka na kuzining'iniza madirishani. Shuka moja ilisema kwamba mateka mmoja angeuawa.

Tarehe 14 Aprili, msemaji wa idara ya magereza aliulizwa kuhusu shuka hiyo. Alijibu kwamba hilo ni tishio la kawaida, wala si jipya. Siku iliyofuata maiti ya Vallandingham ilitolewa nje. Alikuwa amenyongwa.

Sisemi kwamba jibu hilo ndilo lililomwua. Waliomnyonga ndio wauaji, na yamkini walikuwa wamekwisha kukata shauri. Lakini mwanafalsafa J. L. Austin, katika mihadhara aliyoitoa Harvard mwaka wa 1955, alionyesha kwamba kusema ni kutenda. Anayeapa au anayetisha hatoi habari tu. Anajifunga mbele ya watu. Ukimwambia hadharani kwamba tishio lake ni porojo, umemwachia njia mbili, kufedheheka au kulitimiza. Bila shaka msemaji alikusudia kuwatuliza wananchi. Alisahau kwamba wananchi hawakuwa wasikilizaji wake pekee, na kwamba ambaye angelipia maneno yale hakuwa yeye bali askari aliyefungwa kitambaa machoni na wenziwe.

Walimu wenzangu wanalifahamu vyema neno hilo "kawaida". Barua isiyo na jina hupenyezwa chini ya mlango wa mwalimu mkuu, ikitisha kwamba bweni litateketezwa. Mwalimu mkuu huisoma, hucheka, na huitia kwenye droo. Wanafunzi ni wale wale, maneno ni yale yale ya kila muhula. Anayelala bwenini huwa hakuulizwa maoni yake. (Na sisi tunaofundisha sarufi tunaendelea kuwauliza watahiniwa iwapo sentensi ni taarifa, swali au amri, kana kwamba umbo lake latosha.)

Kuna jambo jingine lisilotajwa sana. Jioni ya tarehe 15, baada ya mfungwa mmoja kuruhusiwa kuzungumza moja kwa moja redioni, askari mmoja aliachiliwa huru. Kesho yake, baada ya mfungwa mwingine kuzungumza kwenye televisheni, aliachiliwa askari wa pili. Maasi yalimalizika kwa mapatano tarehe 21 Aprili, siku ya kumi na moja, wafungwa tisa wakiwa wameuawa na wenzao. Baadaye watano walihukumiwa kifo, na ubishi juu ya nani alitenda nini haujakoma hadi leo.

Dakika chache za redio zilitosha kumtoa askari mmoja akiwa hai. Zilitolewa siku ile ile ambayo Vallandingham alitolewa akiwa maiti.