Mji wa Mirihi na watoto wasio na uzito

Mnaonitumia makala za "binadamu kuhamia Mirihi", asanteni. Nimezisoma. Kuna roketi, kuna majumba ya vioo, kuna mboga zinazoota humo ndani. Kitu kimoja tu hakimo: uzito wa mwili wako.

Mvutano wa Mirihi ni kama asilimia 38 ya huu wa dunia. Mtu wa kilo 70 akipanda mizani kule, itasoma karibu kilo 27. Mwezini haifiki 12. Mwaka 2016, kule Guadalajara, Mexico, Elon Musk alipotangaza mpango wake wa kujenga mji Mirihi, jambo hili alilitaja kama burudani: utanyanyua vitu vizito, utarukaruka. Basi, likapita.

Burudani? Haya. Wanaoishi kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga wanaelea saa 24. Mwili usiobeba uzito huona mifupa haina kazi, ukaanza kuila. Nyonga inaweza kupoteza asilimia 1 hadi 1.5 kwa mwezi. Ndiyo maana wanaanga hutenga saa mbili hivi kila siku za mazoezi, wakikimbia huku mikanda ikiwavuta chini. Baadhi yao hata macho hubadilika. Na hao ni watu waliochujwa wakachujika, wana madaktari wanaowafuatilia, halafu wanarudi nyumbani. Hata Valeri Polyakov, Mrusi aliyekaa siku 437 mfululizo kwenye kituo cha Mir, 1994 hadi 1995, alirudi.

Kwa hiyo tunajua maisha ya uzito kamili na tunajua maisha ya kuelea. Katikati je? Watu 12 walitembea mwezini, 1969 hadi 1972, na waliokaa muda mrefu kuliko wote, wale wa Apollo 17, walikaa siku tatu na ushee. Siku tatu, jamani! Safari ya kwenda Mirihi peke yake ni miezi sita au zaidi, kabla hujafungua mlango.

Kinachoniudhi ni kwamba njia ya kutafuta jibu ilikuwepo. Wajapani walikuwa wanatengeneza chumba cha kupachikwa kwenye kituo hicho cha anga, ndani yake mashine ya kuwazungusha wanyama wadogo. Izungushe kwa kasi fulani, unapata mvutano wa mwezi. Ongeza kasi, unapata wa Mirihi. Mwaka 2005 mradi ukafutwa. Chumba hakikuruka kamwe, kikaishia kuwa kitu cha maonyesho kule Tsukuba, Japani. Pesa za roketi hazikosekani, za swali hili ndizo zinazokosekana.

Wajapani hawakukata tamaa. Walipeleka panya kwenye mashine ndogo ndani ya maabara yao ya Kibo, na matokeo yaliyotoka 2023 yalionyesha kwamba kwa mvutano wa mwezi misuli haikusinyaa, ila nyuzi zake zilibadilika aina. Nusu habari njema. Na ni panya, wa wiki chache.

(Atakayeniambia "basi twende Zuhura", kweli mvutano wa huko ni asilimia 91 ya wetu. Joto nalo ni nyuzi 460 hivi. Karibu.)

Sasa tuje kwenye neno lenyewe, "mji". Mji una wajawazito. Mpaka leo hakuna mnyama anayenyonyesha aliyetungwa mimba na kuzaliwa huko juu, hata panya. Mtoto atakayekulia Mirihi mifupa yake itajipima kwa uzito wa kule. Siku akitaka kuja kumzika bibi yake duniani, mwili wake utakuwa mzito mara 2.6 ya alivyozoea. Moyo wake utamudu? Miguu yake itamsimamisha? Mtu mzima anaweza kutia sahihi akubali kufa kwa ajili ya Mirihi, shauri yake. Wapo waliojiandikisha kwa kampuni ya Mars One ya Uholanzi, tena safari ya kwenda tu, na kampuni ikafilisika 2019. Lakini huyo mtoto anamtilia sahihi nani?

Waandishi wenzangu, mkiwapata hawa jamaa kwenye mkutano na waandishi, tiketi bei gani mtaulizia siku nyingine. Anzeni na hili la mtoto.