Bao la Sebuleni na Heshima ya Uongo

Wako wasomi wasemao kuwa bao likichezwa nyumbani huwafundisha vijana heshima, na kwamba binti amwachiaye baba yake ushindi ameonyesha malezi mema. Neno hili nimelisikia katika mikutano ya Kiswahili mara nyingi, na kila mara hupigiwa makofi. Mimi nalikataa. Hulisema watu ambao ama hawajui bao, ama wanalijua na wanaona faida katika kulipotosha.

Bao la Kiswahili lina mashimo 32 katika safu nne, na kete 64, kila mchezaji 32. Mwenye mtaji, yaani aliye na njia ya kula kete za mwenziwe, hana ruhusa ya kuuacha: sharti ale. Hawezi kusema, "Nimemsamehe mzee." Kutakasa, yaani kucheza bila kula, huruhusiwa pale tu mtaji unapokosekana. Mashimo hayaulizi nani kazaliwa kwanza. Basi binti ajifanyaye hauoni mtaji anaivunja adabu ya bao, na baba aupokeaye ushindi huo amepokea kisicho chake.

Hapa Sekei, chini ya Mlima Meru, ziko nyumba ambamo bao limetoka barazani likaingia sebuleni, likachezwa Jumamosi usiku baada ya chakula, na watu hudhani kwamba kwa kuingia humo limekuwa la jamaa yote. Nilialikwa katika nyumba moja ya namna hiyo. Baba alicheza na binti yake asomaye chuo kikuu. Kaka wawili na shemeji walitazama. Mama alikuwa jikoni, wala hakuna aliyemwuliza kama naye anajua. Katika namua binti alikuwa mbele. "Mwanangu, chai imekwisha," akasema baba. Binti akaenda. Akarudi, akacheza mara mbili, akainuliwa tena: kuna mtu anabisha hodi. Mara ya tatu ilikuwa maji ya kunywa, na kaka zake walikuwa wamekaa karibu na mtungi kuliko yeye. Akasema kwa upole, "Baba, nina mtaji hapa, naomba nimalize kwanza." Sebule yote ikanyamaza. Shemeji akacheka kicheko cha kuficha haya, na kaka mkubwa akasema, "Mtaji gani, na baba ana kiu?"

Alex de Voogt, Mholanzi aliyepata udaktari katika Chuo Kikuu cha Leiden mwaka 1995 kwa utafiti juu ya umahiri wa bao, aliutazama umahiri huo kama kazi ya akili. Yeyote aliyekaa karibu na mabingwa ameona: huzungusha kete kichwani kabla mkono haujagusa ubao. Hesabu ya namna hiyo haivumilii kukatizwa. Tunamwinua msichana mara tatu katika mchezo mmoja, kisha tunaandika kwamba wanawake hawana moyo wa bao!

Litazameni na jina lenyewe la nyumba. Ikiwa nyumba bado haijavunjwa, na kete ya mwisho ya mlo ikaangukia humo, mwenyewe huchagua: alale au asafiri. Hiari hiyo ni ya wachezaji wote wawili. Katika sebule niliyoieleza ilikuwa ya mmoja tu, na hata kaka, ambao hawakuwa na kete hata moja mkononi, waliruhusiwa kukaa kwa raha kuliko mchezaji.

Najua nitajibiwa: kama bao laleta ugomvi nyumbani, na lirudi barazani kwa wanaume. La, hasha. Ugomvi ule ulikuwamo katika nyumba miaka mingi kabla ya ubao kuletwa, ukingoja mtu aseme "naomba nimalize." Bao libaki sebuleni, na mama naye aitwe kutoka jikoni. Atakayeshikwa na kiu wakati wa namua, mtungi upo pale pale, na watazamaji wana miguu.