Kabla hujamwaga moyo wako kwa kaunsela wa Kikristo

Siku ya kwanza nilipoenda kwa kaunsela, nilifika nusu saa mapema nikazunguka lile jengo mara tatu kama mwizi anayepima geti. Niliogopa kuonekana na mtu wa kanisani. Cha kuchekesha ni kwamba mlango niliokuwa naukwepa ulikuwa na msalaba juu yake. Ofisi ilikuwa ya Wakristo, na mimi Mkristo nilikuwa najificha Wakristo wenzangu.

Nakuandikia wewe ambaye umekuwa ukijibu "niko poa" tangu mwaka jana na hulali hadi saa tisa usiku. Unajua kuna kitu hakiko sawa. Umeanza kufikiria therapi, lakini unataka mtu ambaye hatacheka imani yako. Hiyo si aibu. Wengi wetu tumelelewa Sunday School, na ukitoa Mungu kwenye hadithi yetu hubaki nusu hadithi.

Mimi niliacha chuo mwaka wa tatu. Watu nawaambia ilikuwa fees, na ni kweli ilianza na fees, lakini kufikia mwisho hata ningelipiwa singeweza kutoka kitandani kuingia darasani. Mathe hakusema "tafuta daktari." Alisema, "Twende kwa pasta." Simlaumu. Pasta hakudai pesa, alikuwa karibu na alinijua tangu nikiwa mdogo. Nilimweleza kila kitu, akaniombea, nikalia. Wiki mbili baadaye dada mmoja wa kwaya alinipata steji akaniambia wananikumbuka kwenye maombi, "hasa ile shida yako ya usiku." Ile shida ya usiku nilikuwa nimemwambia mtu mmoja tu duniani.

Pasta hakuwa na nia mbaya. Kwake, hitaji la maombi ni kitu cha kupelekwa kwa waombaji. Tatizo ni kwamba mimi nilidhani niko kwa kaunsela, naye alijua yuko kwa kazi yake ya uchungaji. Hapo ndipo wasee wengi huchomeka.

Kwa hivyo kabla ya kufunga safari, jua unaenda kwa nani. Kuna mchungaji anayekusikiliza na kukuombea, na kuna siku hiyo inatosha kabisa. Kuna pia wanaojiita washauri wa kibiblia. Wengi wao wanafuata mkondo wa Jay Adams, mchungaji Mmarekani aliyeandika kitabu Competent to Counsel mwaka 1970, akidai kuwa Maandiko yanampa mchungaji uwezo wa kushughulikia mengi ambayo watu hupeleka kwa wataalamu wa akili. Halafu kuna mwanasaikolojia au mshauri nasaha aliyesomea kazi, ambaye pia ni Mkristo. Huyu wa mwisho yuko chini ya Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya mwaka 2014, inayotaka anayefanya kazi hiyo awe amesajiliwa na bodi yake. Wote watatu wanaweza kuwa na bango moja mlangoni: "Christian Counselling." Muulize tu, "Umesajiliwa? Ulisomea wapi?" Mzuri hakasiriki. Wangu alinyoosha kidole ukutani, cheti kikiwa kwenye fremu, akaendelea kupanga makaratasi yake.

Sasa umeketi. Usitarajie kochi la sinema. Mimi nilipata viti viwili vya mbao, boksi la tishu, na fomu. Fomu nyingi. Jina, simu, mtu wa kupigiwa dharura ikitokea, dawa unazotumia. Huenda ukapewa karatasi ya maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita: umelala vipi, umekula vipi, unajiona umefeli maishani, umewahi kuwaza ni heri ungekufa. Kila swali lina alama 0 hadi 3, jumla ni 27, na kadiri alama zinavyopanda ndivyo hali ilivyo nzito. Nilipata 17. Nikamwambia angalau huu mtihani nimepita, na hakucheka.

Lile swali la kufa ndilo huwafanya watu kudanganya. Hapa Kenya tuna sababu ya kuogopa: kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya kujaribu kujitoa uhai kuwa kosa la jinai. Mahakama Kuu iliamua Januari 2025 kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Jibu ukweli. Kaunsela hajakaa pale kukushika, na hawezi kukusaidia na kitu ambacho umemficha.

Kabla ya hadithi yako kuanza, anafaa akueleze siri zina mipaka gani. Kwa kawaida yanayosemwa mle hubaki mle, isipokuwa kama maisha yako au ya mtu mwingine yako hatarini, kama kuna mtoto anayeumizwa, au mahakama ikiagiza. Asipoeleza, uliza. Na kama ofisi iko ndani ya uwanja wa kanisa, au kanisa ndilo linalolipa, ongeza swali moja: "Pasta ataambiwa nini?" Jibu likianza na "ni kwa upendo tu," shika mkoba wako. Habari za afya yako, ya akili ikiwemo, zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Hazigeuki kuwa tangazo kwa sababu zimefungwa na "amina."

Kuhusu maombi, wangu aliniuliza, "Ungependa tuanze kwa kuomba, au la?" Nikasema la. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu kukataa maombi, na nilingoja paa lianguke. Akasema sawa, tukaanza. Tuliomba kwa mara ya kwanza kikao cha tatu, mimi nikiwa nimeomba tuombe. Kaunsela wa Kikristo anayejua kazi hakupigi Biblia kichwani. Aliwahi kunielekeza kwa Eliya, 1 Wafalme 19, pale nabii amekaa chini ya mti akitaka kufa. Nilikuwa nimesikia mahubiri ya hiyo sura mara nyingi, lakini sikuwahi kugundua kwamba malaika hakumkemea. Alimpa chakula na maji, akalala, akaamshwa akala tena, ndipo safari ikaendelea. Halafu akaniuliza, "Wewe leo umekula nini?" Smokie pasua moja, saa tano asubuhi. Tulitumia karibu kikao kizima kuongea kuhusu kula na kulala. Nilitoka nikiona nimeibiwa pesa. Nimekuja kumwambia mtu maisha yangu yameanguka, ananiuliza habari ya ugali!

Hiyo ndiyo sehemu hawatuambii. Kikao cha kwanza huenda kisikupe chochote. Cha pili kinaweza kukuacha ukiwa mbaya kuliko ulivyoingia, kwa sababu umefungua kitu ambacho ulikuwa umekipigilia misumari. Ni kama saa moja kwa wiki, na utapewa kazi ya kufanya nyumbani. Ukifika cha nne na bado unahisi hamuelewani, mwambie au tafuta mwingine. Hautakuwa umemwacha Yesu.

Kuna mambo ambayo hata sihitaji kikao cha pili kuamua. Akikuambia uache dawa ulizopewa hospitalini kwa sababu umeponywa kwa imani, toka. Akitaka upande mbegu ndio mambo yafunguke, toka. Dada, akikuambia umsamehe anayekupiga na urudi kejani kwake leo jioni, toka haraka zaidi. Kusamehe na kurudi ni vitu viwili tofauti. Akitaka mkutane usiku, au nyumbani kwake, unajua la kufanya.

Kwa upande mwingine, akikutuma kwa daktari wa akili usidhani amekukatia tamaa. Kaunsela haandiki dawa, na kuna hali zinazohitaji dawa. Najua ukitajiwa Mathari unawaza vile tulivyokuwa tukitusiana mtaani. Ni hospitali, msee. Watu huenda, hutibiwa, hurudi kazini.

Doo nazo? Nililipa 1,500 kwa kikao baada ya kuomba kupunguziwa, na kuomba hakuniui. Vituo vingine vina wanafunzi wa ushauri nasaha wanaosimamiwa na walimu wao na wanaotoza kidogo. Na kama bado uko chuo, angalia kama kuna ofisi ya ushauri pale. Ya kwetu ilikuwa ya bure, karibu na maktaba. Nilipita mlango ule karibu miaka mitatu.

Kwa makanisa nina ombi moja. Mkitangaza Jumapili kwamba "kuna counselling baada ya ibada," semeni pia ni nani atakayeketi pale, amesomea nini, na yatakayosemwa yataishia wapi. Mnatangaza bei ya tiketi za kemu bila shida. Kijana anayetetemeka nje ya ile ofisi anastahili kujua angalau hilo kabla hajagonga.

Na wewe, kama unasoma hii usiku na mambo yamekaza, usingoje nafasi ya wiki ijayo. Laini ya Msalaba Mwekundu ni 1199, kupiga ni bure. Mimi kikao changu ni Alhamisi saa kumi. Mathe ameanza kuuliza namba ya "yule mama unayeongea naye." Anasema ni ya rafiki wa chama.